Mwalimu alirudia ku mugini: maisha ya Julius Nyerere, na retreti yetu sisi wa Kolwezi

Kila usiku makamyo yanatoka hapa Kolwezi na shaba na kobalti. Yanapita Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, yanakata Zambia, yanaingia Tanzania, na mwisho yanafika ku bandari ya Dar es Salaam. Ba shofere wetu wanajua ule muji kuliko sisi wengine tunavyojua Kinshasa. Mu ule muji kulikuwa mtu mmoja aliyeshika utawala zaidi ya miaka 20, na siku moja akaacha kiti, akafunga mizigo, akarudia ku mugini wa baba yake, mu milima ya mawe karibu na ziwa. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Watu wote walimwita Mwalimu.

Leo tunataka kueleza maisha yake, wandugu wasomaji. Si juu ya politike. Ni juu ya swali lile wazee wa kambi wanatuuliza kila wakati wanapokuja ku biro ya sendika na makaratasi yao mu plastiki: retreti ikifika, tutaenda wapi?

Nyerere alizaliwa mwaka 1922, tarehe 13 mwezi wa nne, kule Butiama. Ni mugini wa vilima na mawe makubwa, mashariki ya ziwa Victoria, si mbali na muji wa Musoma. Watu wa pale ni Wazanaki, kabila ndogo kabisa. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wao, mwenye wake wengi. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wale wake. Siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha, wakamupa jina la Kambarage, jina la muzimu wa mvua. Kuwa mtoto wa chifu hakukumuzuia kuchunga mbuzi na kulima kama watoto wengine. Mama alilima uwele na mtama, na mtoto alikula kile mama alilima. Tunaweka jambo hilo mbele, juu linarudi ku mwisho wa habari.

Alianza masomo akiwa na miaka 12, mu 1934, ku internati ya Mwisenge kule Musoma. Kwa mtoto wa siku hizi ni kuchelewa sana. Lakini alikimbia kuliko wenzake: akaenda Tabora, masomo makubwa ya wakati ule, kisha Makerere kule Uganda mu 1943. Mwaka ule ule akabatizwa mu kanisa Katolika, akapata jina la Julius. Akatoka Makerere na diploma ya kufundisha, akafundisha Tabora kwa Mapadri Weupe. Mu 1949 akaenda Edinburgh, kule Scotland, akasoma historia na mambo ya uchumi, akarudi mu 1952 na diploma kubwa ya iniversite. Kwa kabila ndogo kama ile, mtu wa namna hiyo alikuwa kama nyota.

Basi huyu mwenye diploma ya Bulaya, aliporudi kwao, alifanya nini kwanza? Alijenga nyumba. Alikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akafanya matofali, akasimamisha nyumba pale Butiama, juu alikuwa anataka kuoa. Watu walishangaa kuona mwenye masomo makubwa vile na udongo mpaka ku magoti. Mwanzo wa 1953 akaoa Maria, na kwa miaka iliyofuata wakapata watoto 8.

Ni hapa tunataka msomaji asimame kidogo. Nyerere alikuwa na miaka 30. Hakuwa bado Prezida, hakuwa hata na kazi wakati ule. Mawazo ya retreti hayakuwa mu kichwa chake. Lakini nyumba ya ku mugini ilikuwa imeshasimama. Kwetu hapa, mtu anaanza kazi ya shimo na miaka 22, kampuni inamupa nyumba ya kambi, anakaa mule miaka 35, anazalisha mule, anazeeka mule, na siku ya kuandikiwa barua ya mwisho anashituka kuona kama hana hata lupango moja yenye jina lake.

Turudie ku habari. Nyerere alipata kazi ya kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 mwezi wa saba 1954, yeye na wenzake wakaanzisha chama cha TANU. Mwaka uliofuata akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa kama inchi yake inataka kujitawala. Aliporudi, wakuu wa masomo walimuomba achague: kufundisha ao politike. Akaacha kazi, akaacha na mushahara.

Na alienda wapi? Alirudia Butiama na bibi yake na watoto. Kule alikaa miezi, akifundisha padri mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, na kutafsiri maandiko ya kanisa mu lugha ile. Sisi watu wa sendika tunaelewa vizuri sana hiyo sehemu ya maisha yake. Wengi wetu tumeshasimamishwa kazi juu ya kusema kweli ya watumikaji, na tunajua nini inasaidia siku ile mushahara unakatika. Si hotuba. Ni kuwa na pahali ambapo bukari haiuzwe. Mtu mwenye shamba la mihogo na nyumba isiyo ya patro, anasema bila kutetemeka. Mwenye kula na kulala kwa patro, anaangalia chini. Nyerere aliweza kuacha mushahara juu Butiama ilikuwa inamungojea.

Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961, Tanganyika ikapata uhuru, naye akawa minisitri wa kwanza. Wiki sita zikapita tu, mwezi wa kwanza 1962, akaacha tena kile kiti, akamuachia mwenzake Rashidi Kawawa, yeye akatembea ku migini kutengeneza chama na kusikia watu. Ku mwisho wa mwaka ule akachaguliwa Prezida. Mu 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana, ikawa Tanzania.

Mu 1966 wanafunzi wa iniversite walifanya maandamano juu ya kulazimishwa kazi ya taifa. Nyerere akakasirika, akawafukuza, lakini siku ile ile akakata na mushahara wake mwenyewe, sehemu 20 mu mia. Mu 1967 ikaja ile Azimio ya Arusha: kiongozi asiwe na mishahara mbili, asiwe na nyumba za kulipisha, asiwe na hisa mu kampuni. Fikirini sheria kama hiyo hapa kwetu Lualaba, mu muji huu wa madini. Ni wangapi wangebaki mu biro zao mpaka jioni?

Lakini sisi hatuandike maisha ya mtakatifu. Tuko na mambo mawili ya kumulaumu, na tunayasema.

La kwanza linatugusa sisi moja kwa moja. Mu mwezi wa kwanza 1964 waaskari wake waliasi. Nyuma ya pale serikali ikakamata viongozi wa sendika, ikavunja ule muungano wa masendika ya watumikaji, na kuweka pahali pake sendika moja tu, NUTA, ambayo mkubwa wake alikuwa anatajwa na Prezida. Sendika ambayo mkubwa wake anatajwa na Leta si sendika tena, ni biro ya Leta. Sisi tulipita mu njia hiyo hiyo wakati wa Mobutu, na UNTZA peke yake mu inchi nzima. Tunajua ladha yake.

La pili ni la migini. Nyerere alipenda maisha ya mugini mpaka akataka inchi yote iishi vile. Mu miaka ya 1970, watu milioni nyingi wakahamishwa wakae pamoja mu vijiji vya ujamaa, karibu na masomo, na dispanseri, na mayi. Mawazo yalikuwa mazuri, na watoto wengi sana wakaingia masomo. Lakini wengi walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa, mashamba yao ya zamani yakabaki nyuma, na mavuno yakapungua. Mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe kwa furaha, kwa matofali ya mikono yake, alisahau kama mwingine naye anapenda kuchagua pahali pake. Ku mugini mtu anaenda mwenyewe. Ukimupeleka kwa kamyo na waaskari, ni uhamisho.

Kisha vita na Idi Amin, mu 1978 na 1979, ikamaliza feza ya inchi. Petroli ikapanda bei, kahawa ikashuka, sabuni na sukari vikakosa mu maduka. Wakubwa wa feza za dunia wakamubana akubali masharti yao, akakataa. Ku mwisho akaona kama yeye hana tena njia, na wengine wanaweza kuipata. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1985, akiwa na miaka 63, akamuachia Ali Hassan Mwinyi uprezida. Hakuna aliyemupindua.

Mu Afrika ya wakati ule, wenye kuacha kiti kwa mapenzi walihesabika ku vidole. Senghor wa Senegal alitangulia, mwisho wa 1980, lakini yeye akaenda kuzeekea Ufaransa, kule Normandie, kwa watu wa bibi yake. Wetu sisi, Mobutu, naye alikuwa na mugini: Gbadolite. Alijenga kule majumba ya marbre, na uwanja wa ndege mrefu mpaka Concorde inatua. Mu 1997 akakimbia kutoka pale pale Gbadolite, akafa mwezi wa tisa mwaka ule kule Rabat, na kaburi lake liko huko Maroko. Mtu alijenga muji muzima ku mugini wake, na hakupata hata metre mbili za kulala mule. Hatusemi vile kwa kucheka maiti. Tunasema juu inaonyesha kama nyumba kubwa si ile inayomurudisha mtu kwao.

Nyerere alirudi Butiama. Pahali pake panaitwa Mwitongo, juu ya kilima, kati ya mawe makubwa, pale baba yake aliishi. Alikuwa na nyumba ambayo chama kilimujengea, na shamba. Alilima mahindi na uwele, alifuga ngombe, alipanda miti mingi. Asubuhi alienda misa. Mchana alicheza bao na wazee wenzake chini ya muti, na wale wazee hawakumuachia ashinde juu alikuwa Prezida. Alikuwa na buku mingi, maelfu. Alikuwa amekwisha kutafsiri mu Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare wakati bado anatawala. Sasa akachukua Injili na kuiandika upya mu Kiswahili, kwa mashairi ya tenzi. Ni kazi ya mtu mwenye wakati, na mwenye kimya.

Tusidanganyane: hakukaa pale tu kama mti. Alibaki mkubwa wa chama mpaka 1990. Alikuwa tena na nyumba Dar es Salaam. Aliongoza Tume ya inchi za Kusini mu miaka ile ya 1987 mpaka 1990. Tangu 1996 alisimamia mazungumzo ya amani ya Warundi, akiwa tayari na miaka 74. Lakini kila kazi ikiisha, njia ilikuwa ile ile: kurudia ku kilima chake, kuuliza mvua imenyesha namna gani, kuangalia ngombe.

Sasa tuseme na upande mwingine, juu kuna wakubwa wanapenda kutuonyesha mfano wa Nyerere ili watusukume ku mugini mikono mitupu. Nyerere alikuwa na pensioni ya Prezida. Alikuwa na walinzi na motoka. Ku mwisho wa maisha yake jeshi la Tanzania lilimujengea nyumba ingine kubwa pale pale Butiama, ambayo hakukaa mule siku nyingi. Wakati alikuwa mgonjwa, alipelekwa Uingereza. Mzee wetu wa kambi akirudia Sandoa, ao Kasaji, ao Bunkeya, ao mbali zaidi kule Kasai, anapelekwa na nani? Na akiugua, lopitali iko kilometre ngapi?

Historia yetu na ile neno kurudi si ya furaha. Tangu miaka ya 1920, babu zetu waliletwa hapa mu Katanga kutoka pande zote: Lomami, Kasai, Maniema, mpaka Rwanda na Burundi. Kampuni ya Wabelji iliwapa nyumba, unga, masomo, lopitali. Watoto wao wakazaliwa hapa, na watoto wa watoto. Mugini ukabaki jina tu mu karta ya kazi. Mu mwezi wa tisa 1990 shimo la Kamoto likaanguka, na shaba ya Leta ikashuka kutoka tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka mpaka chini ya 40,000 mu miaka michache. Mu 1993 majirani zetu wa Kasai wakafukuzwa kwa fujo, wakalala ku magari ya moshi wiki na wiki, wengi wakafa njiani. Nao waliambiwa warudie kwao, wakati kwao ilikuwa hapa. Mu 2003, watumikaji zaidi ya 10,000 waliwekwa nje kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa mapenzi. Wengi walipokea feza ya mara moja, chini ya ile waliyoingojea, ikaisha mbele ya mvua ya pili. Wengine walikwenda ku mugini bila kujua kushika jembe, na bila shamba lenye kuwangojea. Tuliwaona wakirudi Kolwezi, wakalala kwa watoto wao, wakaanza kuosha mawe ya shaba pamoja na ba kreseri, na miaka 60 ku mgongo.

Ndiyo sababu tunasema: maisha ya Nyerere yanatufundisha jambo moja lenye miguu miwili, na mguu mmoja ukikosekana, mtu anaanguka. Mguu wa kwanza ni wako wewe mtumikaji. Mugini haungojee siku ya barua. Alijenga na miaka 30, akalala pale na miaka 63. Yule anayekwenda kila mwaka kilio na ndoa za kwao, anayepanda miembe, anayejulikana na chifu na majirani, huyo akizeeka anapokelewa. Yule aliyetuma salamu tu kwa miaka 30, atapokelewa kama mgeni, na mgeni siku ya tatu anapewa jembe. Na kama kwako ni Kolwezi, hakuna kosa: tafuta lupango yako hapa, mu Manika ao mu Dilala ao ku mashamba ya pembeni, na makaratasi yake yawe mu jina lako na la bibi yako. Mlima si lazima. Lazima ni pahali ambapo patro hawezi kukutosha.

Mguu wa pili ni wa mwenye kukuandika kazi, na wa Leta. Retreti bila pensioni ni kufukuzwa tu. Nyerere alipumzika juu kilicho chake kililipwa. Ni hivyo tunaomba kwa kila mtumikaji, akiwa wa kampuni ya Leta, ya Wachina, ao ya ba su-treta: kotizasio ilipwe kila mwezi na ifike kweli ku CNSS, dekonti finali itoke siku ya kutoka, na mzee asitolewe mu nyumba ya kambi mbele ya kupata feza yake. Usingoje miaka 59 kwa kuuliza. Enda mwaka huu na karta yako, uangalie kama miezi yako yote imeandikwa. Miezi ikikosekana, kuja ku biro ya sendika wakati yule aliyeisahau bado yuko ku kazi.

Nyerere alikufa tarehe 14 mwezi wa kumi 1999, mu lopitali moja ya London, kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka 77. Wakuu wa dunia walikuja Dar es Salaam kumulilia. Kisha ndege ikamupeleka Musoma, na njia ya udongo ikamupandisha mpaka Butiama. Tarehe 23 wakamuzika Mwitongo, karibu na kaburi la baba yake na la mama yake, yule Mugaya wa uwele na mtama.

Makamyo yetu yanaendelea kuteremka ku Dar es Salaam na shaba ya Kolwezi. Yakirudi, yanaleta saruji, mafuta, mashini. Sisi tunaomba tu kama yule mzee aliyechimba ile shaba miaka 35, naye apate kilima chake, na muti wa kukaa chini yake, na wenzake wa bao. Feza yake iwe imeshafika mbele yake.